Nyota Nyota Usizime

Zawena alikuwa ameshabadilisha kurasa arobaini za maelekezo mara mbili, na sasa Kihwelo alitaka mara ya tatu.

"Nyota moja ndiyo inayokoleza neno," alisema.

"Mbili!" Mpoki alimkatiza kutoka meza ya pili. "Moja inalaza herufi tu. Kaka, wewe umetokea wapi?"

Wiki tatu mafundi hao wa kompyuta walikuwa wakibishana juu ya alama za nyota zinazowekwa huku na huku mwa neno ili kompyuta ilikoleze, katika maelekezo ya programu yao ya zahanati, na kila mmoja aliposhinda, Zawena ndiye aliyeandika upya. Mlangoni alisimama Nesi Mwanaheri, mkoba begani. Gari lilikuwa likimngoja nje, na kesho wenzake zahanatini wangeanza kuandikisha wagonjwa kwa programu wasiyoijua. Mtu akiizima kabla ya kuhifadhi, majina yote yanapotea.

"Mdogo wangu, nipe chochote."

"Bado hazijapambwa, dada."

"Kwani naenda nazo harusini?"

Zawena akazichapa kama zilivyo, alama zote zikionekana. Nesi akausoma ukurasa wa juu kwa sauti: "Nyota nyota usizime nyota nyota kabla hujahifadhi." Akainua macho. "Hizi nyota za nini?"

"Za kukazia neno."

"Basi limekaza," alisema nesi, akatoka.

"Kwa hiyo, Zawena," Kihwelo aliuliza nyuma yake, "tuseme nyota moja?"

Zawena alikwenda dirishani. Nje, ndani ya gari, nesi alikuwa akimsomea dereva, kidole kikiziruka nyota zote kwenye karatasi.