Ramani ya Chumba Kimoja

"Choo kiko wapi?" Okware, afisa wa mipango ya mji, aliigeuza ramani juu chini kana kwamba choo kingedondoka.

"Hakuna," alijibu Nasirumbi.

"Mama, mtu atakaa namna gani kwa nyumba haina choo?"

"Yeye hahitaji."

Okware akacheka, na waliokaa kwenye benchi wakamsaidia kucheka. Nasirumbi hakucheka wala hakuudhika. Siku hizi maneno ya watu yalimfikia kwa mbali, kama ugomvi wa majirani nyuma ya ukuta.

Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja, mabati juu. Ndiyo nyumba yote aliyoitaka, ya mwanawe Jeff, katika kiwanja cha Jeff mwenyewe njia ya Dabani. Nguzo za kwanza zilikuwa zimeshasimama, watu wa ofisi ya mji wakaja na rangi nyekundu wakazipiga alama ya X. Mwaka juzi tu pale palikuwa shamba. Mpaka wa mji ukasogezwa, na sasa hata banda la kuku lazima liwe na ramani.

Bila nyumba, Jeff asingerudi. Wesonga, baba yake mdogo, alikata maneno mbele ya ukoo mzima: mwanamume wa miaka thelathini na mmoja halali kwa mama yake, hata usiku mmoja. Awe na mlango wake kwanza, ndipo apite langoni.

Nasirumbi hakubishana na Wesonga, na hakubishana na Okware. Alikwenda kwa mchora ramani, akaongezewa choo nyuma ya nyumba, kesho yake akarudi.

Safari hii aliyemtangulia alikuwa mzee mwenye kiwanja cha kaka yake marehemu. Okware hata hakuifungua ramani yake.

"Mzee, nenda kortini kwanza, lete karatasi ya urithi."

"Inachukua muda gani?"

"Miezi nane. Ukiwa na bahati."

Mzee akatoka, kofia mkononi. Nasirumbi alivuta miguu ampishe, kisha akasogea mbele na ramani yake.

"Jikoni je?" aliuliza Okware.

"Jiko liko kwangu."

"Na hapa, sahihi ya mwenye kiwanja. Aje mwenyewe."

"Yuko Tororo. Hawezi kusafiri."

"Mgonjwa?"

"Aliumwa."

Okware alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa fomu tu. "Basi mpelekee fomu aweke hata dole gumba. Mimi sitaki maneno na wakubwa."

Nasirumbi alinunua kidau cha wino, akapanda gari la Tororo. Asubuhi iliyofuata fomu ilikuwa mezani. Okware aliinua miwani, akaisifu. Wengi humletea mabaka, alisema, lakini hili dole lilikuwa safi, kila mstari unaonekana.

"Huyu ametulia kabisa. Hajui kuandika?"

"Anajua. Ni mwalimu. Mkono ndio umekataa."

"Pole. Sasa subiri, kamati inakaa mwisho wa mwezi."

"Hawezi kungoja mwisho wa mwezi."

"Mama, wote wanangoja."

Nasirumbi akakaa kwenye benchi. Hakulia, hakubembeleza. Watu walikwenda kula wakarudi, naye yuko pale pale. Mfagiaji akafagia kuizunguka miguu yake. Njaa hakuisikia, wala kiu. Alijua jambo moja tu, kwamba hatoki bila karatasi ile.

Saa kumi Okware alishindwa. Labda ni huruma, labda alichoka kutazamwa. Aliandika "jengo la muda", ambalo halihitaji kamati, akagonga muhuri.

"Unamdekeza huyu kijana wako, mama. Mtu mzima, mwalimu, na mama ndiye anamjengea!"

"Ni kweli," alisema Nasirumbi.

Alikuwa amefikiri kwamba akiupata ule muhuri atasikia furaha, au angalau ahueni. Hakusikia kitu. Alisimama nje akampigia Wesonga simu.

"Wamepitisha. Waite watu, mkandike leo."

"Tunaanza sasa hivi," alisema Wesonga. "Na wewe?"

"Mimi nakwenda Tororo."

Alifika hospitali jua likiwa bado lipo. Luke, mhudumu aliyemsaidia jana na ile fomu, alimwona kwa mbali akatoka nje kumpokea.

"Wamekubali, mama?"

"Wamekubali. Ijumaa mnitolee mwili, mwanangu. Alale kwake usiku mmoja, Jumamosi tumzike mlangoni pake."