Usiachie Breki

Gari lilitetemeka kila liliposimama, na fundi Kihiyo alitaka kulisikiliza likiwa kwenye gia.

"Dada, kanyaga breki, tia D. Usiachie mpaka nikwambie."

Akajipenyeza kati ya ukuta na injini. Boneti iliyoinuliwa ikamficha.

Tunu alikanyaga. Usukani ulimtikisa mpaka mabegani. Mara pedali ikaanza kuzama chini ya mguu wake, polepole, kama anakanyaga tope.

"Fundi, toka hapo mbele!"

"Subiri, nimeshaona tatizo!"

Matairi yakajongea. Tunu akazima gari. Likasogea kidogo tena, likagota, likatulia kabisa.

"Fundi?"

Spana ilidondoka sakafuni.

Tunu aliendelea kukandamiza pedali kwa miguu yote miwili, akisubiri kuambiwa aachie.