Kikombe cha Bi Mwatime

Wanawake wa chama cha kuzikana walikaa mkekani, kila mmoja na kikombe chake mbele. Tunu, mwenyekiti mpya, akawagawia uzi.

"Ulipofikwa na msiba, ulikuwa ukimpa nani habari? Funga uzi utoke kwenye kikombe chako uende kwenye chake."

"Haya, leo tumerudi chekechea," Bi Riziki akacheka.

Lakini wote walitaja jina moja, la marehemu Bi Mwatime, mpeleka habari wao. Tunu akakitoa kikombe cha marehemu kabatini, akakiweka katikati. Nyuzi zote zikaishia hapo, na kicheko kikaisha. Bi Mwatime alikufa peke yake chumbani, hakuna aliyejua mpaka harufu ilipotoka, kwa kuwa habari za misiba wote walizingoja kwake.

"Na mimi naishi peke yangu," Bi Riziki akasema.

"Ndiyo maana nimewaita, bibi yangu. Fungueni, kila mmoja aufunge uzi wake kwa jirani yake."

Wakafungua, uzi mmoja baada ya mwingine. Fundo la Bi Riziki likakataa. Akavuta, na kikombe cha marehemu kikaanza kumfuata mkekani, taratibu.