Kuvu Katika Chumba Kimya

Naapa kwa meno yangu yote saba, hadithi hii ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Mzee aliyemo namfahamu kwa mbali tu.

Asubuhi hiyo mkamwana wake alivuta kiatu kutoka chini ya kitanda, akakitupa kwa mshtuko. Kilikaa humo siku mbili tu, lakini kilitoka kimevaa sweta la kijani. Kuvu. Ukutani nako madoa meusi yalikuwa yamepanda tena, yamefika usawa wa mto wa mtoto. Jana tu aliyasugua mpaka kucha zikamuuma.

Mtoto, wa miaka mitatu, akakohoa. Kikohozi kikavu, kile kinachomfanya mama ashike kifua chake mwenyewe.

Daktari alikuwa ameshasema: kifua hiki hakitapona ndani ya nyumba yenye kuvu. Mume wa mkamwana naye, bila ukali, akasema Jumamosi mtoto atapelekwa kwa shangazi yake, safari ya kutwa nzima, akae huko mpaka ukuta ukauke. Leo ilikuwa Alhamisi. Mkoba mdogo ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni.

Kosa la nani? La mama. Nyumba nzima ilikubaliana hivyo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

“Nguo mbichi,” baba mkwe alimwambia siku kikohozi kilipoanza. “Unaanika nguo ndani, mwanangu. Yale maji unadhani yanakwenda wapi? Yanapanda ukutani.”

Mzee huyo alikuwa fundi rangi mstaafu. Shule aliiacha mapema, lakini alijua kila kitu, na asichokijua alikibuni. Akamfundisha mkamwana. Kabati lisogezwe, ibaki nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Sufuria ikichemka ifunikwe. Taulo lisilale kitandani. Doa lifutwe kwa siki, kisha pakaushwe kwa kitambaa, pasiachwe pajikaukie. Na dirisha lifunguliwe mapema, kabla karakana ya nyuma haijaanza.

Maana nyuma ya nyumba palikuwa na mafundi wa kuchomelea mageti, na vyuma vyao vililia kutwa. Mzee alipenda kusimulia kwamba siku moja kelele zile ziliamsha marehemu watatu, wakaja kubisha hodi kulalamika. Chumba hicho chenye kuvu kilikuwa chake zamani. Mjukuu alipozaliwa alikitoa zawadi kwa mwanawe na mkewe, yeye na bibi wakahamia kile kidogo cha mbele.

“Nawapa chumba kimya kuliko vyote,” alisema siku ile, akipapasa ukuta. “Nimeupaka mwenyewe, mara tatu. Laini kama yai. Hata buibui hapati pa kushika.”

Zawadi nzuri namna ile, na yeye ameiozesha kwa kaptura mbichi za mtoto! Ndivyo mkamwana alivyojisemea moyoni kila alipochovya kitambaa kwenye siki.

“Baba, nilete ngazi nisugue na kule juu ya dirisha?” aliwahi kuuliza.

“Kule juu pako sawa,” mzee alijibu upesi, macho yamo kikombeni. “Utaniharibia rangi bure. Wewe shughulika na nguo zako.”

Mama mkwe akacheka. “Mwachie ukuta wake, mwanangu. Huyu fulana zake zilipotea kwa mpigo, hakuuliza hata moja. Lakini rangi ikichubuka, anaugua yeye.”

Basi Alhamisi hiyo mkamwana alitii. Akabeba beseni la nguo, akazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo kwa kawaida hakufika kwa kuogopa cheche. Akafunga kamba. Akabana kaptura ya kwanza. Akainua macho.

Juu ya dirisha la chumba chake palikuwa na matundu manne ya hewa.

Alisimama na kibanio mdomoni. Sebuleni yapo manne, anayaona kila siku. Jikoni manne. Chumbani kwake, kwa ndani, hakuna hata moja. Na kwenye tundu la mwisho shomoro alikuwa anavuta uzi mweupe, anavuta kama mtu anayegombania kitu chake.

Hakumwambia mtu. Alileta ngazi, akagonga juu ya dirisha, pakaitika kama debe. Akakwangua kwa kisu cha jikoni. Ikabanduka rangi, ikafuata karatasi ngumu, kisha fulana iliyosokotwa na kushindiliwa kama kizibo. Akaivuta. Upepo ukaingia, pazia likainuka, na mlio wa vyuma ukaja nao.

Zilikuwa fulana nne. Alizipanga mezani mbele ya mzee, moja moja, kila moja na matone yake ya rangi. Mkamwana hakupiga kelele. Angepiga kelele, ingekuwa nafuu.

“Baba,” aliuliza, “ulikumbuka lini kwamba uliyaziba matundu?”

Nilimjibu: siku ya kikohozi cha kwanza. Sasa mkoba wa mtoto bado uko mlangoni, nami nina mpaka Jumamosi kuusugua ukuta wote. Niko juu ya ngazi na brashi mkononi, mkamwana ameishika kwa chini, na amesema sishuki mpaka niisimulie hadithi hii upya, safari hii bila kusema kwamba mzee huyo namfahamu kwa mbali.