Safu ya Shahidi

Fomu ilikuwa imerudi mara ya nne, na duara jekundu lilikuwa palepale.

"Huyu mtu anataka nini kwangu?" mchora ramani aliuliza, akaitupa juu ya kibodi.

Mhazibu, ambaye hakuwa amemaliza hata wiki mbili pale ofisini, alicheka. "Mimi jana Rula amenirudishia barua kwa sababu ya mkato mmoja. Na leo hayupo tangu asubuhi. Sijui nani kampa ruhusa."

Rula ndiye aliyekuwa mkuu wao. Jina hilo alilipata kwa sababu mstari wake haukuwahi kupinda. Alikuwa rafiki wa mume wa mchora ramani tangu shule, ndiyo maana alimwita mama huyu shemeji hata mbele ya wageni. Wiki hiyo ushemeji haukusaidia kitu.

Saa kumi kamili, ramani ya mipaka mipya ya hifadhi ingepelekwa kwenye kamati. Kwenye kompyuta, mstari wa kijani uliteremka sambamba na mto, kisha ukakata kona na kuliacha bonde nje. Jumatatu matrekta yangeingia bondeni kulima. Na humo, kwenye shimo chini ya kichuguu, mbwa mwitu walikuwa wamezaa. Mumewe, askari wa wanyamapori, aliwaona kwa macho yake, watoto sita. Aliwaandika kwenye daftari lake, akarudi nyumbani na tope hadi magotini, akasema, "Hawa usije ukawaacha nje ya mstari."

Ili mstari usogezwe, kilichotakiwa ni fomu moja tu: mahali, tarehe, shahidi. Kumbukumbu iliyopita siku tisini haikuhesabiwa, na kamati yenyewe ilikuwa imeahirisha kikao mara mbili.

Fomu iliporudi mara ya kwanza, duara likiwa limezunguka safu ya shahidi, alidhani kosa ni mwandiko. Akaichapa. Mara ya pili akaandika majina yote matatu ya mumewe. Mara ya tatu akaongeza namba yake ya kazi. Kila alipoongeza, duara lilinenepa. Na Rula hasemi neno. Anaiacha mezani, anaondoka akitazama sakafu.

"Si umpigie tu mzee aje asaini mwenyewe, yaishe?" mhazibu alisema.

"Simu yake imezimwa." Mchora ramani aliisukuma droo ya meza yake kwa goti mpaka ikafungika.

"Porini huko mtandao ni taabu."

Saa tisa na nusu mlango wa Rula ulisikika ukifunguliwa. Mchora ramani aliingia bila kubisha hodi.

Rula alikuwa hajakaa. Suruali yake ilikuwa imejaa miba ya nyasi, na mkono mmoja umechubuka. Siku nyingine angemuuliza amepatwa na nini. Leo hakuwa na nafasi hiyo.

"Nimeandika kila kitu," alisema. "Jina, namba, kila kitu. Unataka nikuletee mbwa mezani?"

"Kaa kwanza, shemeji."

"Sikai. Kama una kinyongo naye, sema. Jina lake lina ubaya gani? Yeye amekwenda, ameona, ameandika. Wewe kazi yako kukaa hapa unazungusha maduara."

Rula aliichukua ile fomu, akaweka rula chini ya jina la mume wa mchora ramani, kisha akaipandisha kidogo na kulikata kwa mstari mmoja mwekundu, mnyoofu. Mchora ramani alishika ukingo wa meza.

Pembeni ya jina lililokatwa, Rula aliandika la kwake. Akakata na tarehe, akaweka ya leo. Akasaini.

"Nimetoka huko sasa hivi," alisema. "Wapo. Sita kweli, ila wameshakua."

"Si ndivyo alivyosema? Sasa kwa nini unamfuta?"

Rula aliiweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, alimtazama machoni.

"Umeandika amewaona Juni, shemeji. Tulimzika Aprili."