Kelele ya Mkanda

Fundi Byamungu alikizungusha kile kigurudumu kwa kidole, kikakwaruza kama sufuria yenye mchanga.

"Umesikia? Hii ndiyo inaliaka," alisema. "Kazi yake ni kukaza mukanda ya moteri, na haina tena nguvu. Siku mukanda itaruka, utabakia mu barabara."

"Nilishabakia," alijibu Néhémie.

Na kweli alishabaki. Mwezi uliopita mkanda ulichomoka karibu na Kabingo, maji ya injini yakachemka, naye akasimama kando ya gari na binti yake mpaka saa ya daktari ikapita. Daktari huyo wa watoto alifika kwenye kliniki moja ya Ruharo, kule Mbarara, mara moja tu kwa mwezi. Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Saa nne kamili.

Eliane alikuwa na miaka saba. Tangu siku walipomzika mama yake njiani, wakikimbia kutoka Kivu ya Kusini, hakuwa ametamka neno. Miezi kumi na moja sasa. Ulimi mzima, masikio mazima, ukimwita anageuka. Sauti tu ndiyo haipo. Néhémie alikuwa amejaribu kila ambacho baba anaweza kujaribu. Alimwombea, alimbembeleza, alimnunulia mwanasesere, na siku moja, Mungu amsamehe, alimfokea. Baadaye alikwenda kulia peke yake nyuma ya nyumba. Alijiona si kitu, mwanaume mzima aliyeshindwa na kabinti kake mwenyewe.

Kitu kimoja tu Eliane alikipenda: gari. Majirani pale Base Camp, kambini kwa wakimbizi, walilichukia, jinsi lilivyopiga kelele kama nguruwe kila asubuhi. Walimwambia Néhémie amchinje huyo nguruwe, watu wapumue. Lakini mkanda ukianza tu kulia, Eliane alishafika mbio, ameingia nyuma, amekaa dirishani. Mbele hakutaka kukaa hata siku moja. Kila baba yake alipopeleka nyanya za watu Mbarara, naye alikuwemo, anatazama nje.

Byamungu alivuta kikaza mkanda kipya kwa spana, akapitisha mkanda, akaachia taratibu. Gari likawashwa. Lilinguruma kwa upole, basi.

"Ona sasa!" fundi alicheka. "Utasikia hata inzi akiruka mule ndani."

Kikaza cha zamani alikitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Eliane alikiokota, akakifunga ndani ya kitenge chake, akakipakata.

"Mama, itakuchafua," alisema Néhémie, lakini alikuwa na haraka, akamwacha nacho.

Barabara ya vumbi iliwatikisa mpaka Kabingo, mawe yakigonga chini ya gari. Walipoingia kwenye lami, kukawa kimya. Néhémie alisikia matairi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Leo tunafika, alijiambia. Akaanza kupanga atakachomweleza daktari, akagundua hana jipya la kueleza.

Hapo ndipo aliposikia mlio. Ulikuwa mdogo sana, kama kitu kinachovuja hewa, unakuja na kupotea. Aliegesha pembeni, akafungua boneti injini ikiwa inaendelea kuunguruma, akainama na kutega sikio. Hakuna kitu. Kigurudumu kipya kilizunguka vizuri, mkanda umetulia mahali pake. Aliporudi kwenye usukani alimtupia jicho Eliane. Alikuwa ametulia na kitenge chake mapajani, anatazama ng'ombe wa Wanyankole wakipanda kilima.

Waliondoka. Hawajafika mbali, mlio ukaanza tena.

Néhémie alimlaani Byamungu, akazilaani na spea za Mbarara zinazouzwa kama mpya kumbe zimekwisha. Alijua yatakayofuata: atasimama tena juani, mtoto amemshika suruali, na daktari anafunga ofisi yake na kwenda zake. Alipunguza mwendo. Akabana pumzi ili ajue mlio unatoka upande gani wa injini.

Haukutoka kwenye injini. Ulitoka nyuma yake.

"Mama, ona. Ile ng'ombe ya pembe moja nilikuambiaka juzi, iko bado."

Néhémie aliinua macho kwenye kioo. Eliane alikuwa amegeukia nafasi tupu kando yake, akinong'ona. Macho yao yakakutana. Eliane akafumba mdomo, kisha akauziba kwa kiganja.

Walikwenda hivyo kilomita moja, wakaenda ya pili. Néhémie alijikohoza. Alijaribu kuimba wimbo wa kanisani, akaukosea maneno, akaacha. Alijaribu kutazama mbele tu, kama mtu asiyejali. Bila kelele ya mkanda, kiganja hakikutoka mdomoni.

Saa tatu na nusu, Mbarara ikiwa inaonekana kwa mbali, alisimamisha gari kandokando ya migomba. Akatoa spana chini ya kiti, akageuka, akanyoosha mkono kuelekea kitenge.

"Nipatie ile kitu, mama."

Saa nne ilipogonga mkanda ulikuwa unalia tena, mpaka wachunga ng'ombe wakageuka kutazama. Néhémie hakuangalia kioo. Aliendesha polepole, kusudi wachelewe kufika.