Mguu wa Kulia

Mektilda alishuka kwenye bodaboda pale Itetemia akiwa amekumbatia mguu wa mumewe uliokatwa, umefungwa kwenye kitenge. Hospitali walitaka kuuchoma, mwenyewe akakataa katakata.

"Kila Jumapili nasadiki ufufuko wa miili," alisema kitandani, "halafu siku hiyo niamke nachechemea? Kauzikeni."

Shemeji yake alikuwa ameshachimba kishimo nyuma ya nyumba.

"Hapa panatosha, shemeji. Tuuweke, tusali."

Mektilda akafungua kitenge. Kucha bado zilikuwa na udongo wa shamba la tumbaku. Alizifuta kwa ncha ya khanga, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kidogo. Kisha akaulaza mguu chini, akashika jembe, akaanza kurefusha shimo.

"Shemeji! Si mguu tu huo?"

Mektilda alipiga hatua mbili ndefu, urefu wa mtu mzima, akachora mstari, akaendelea kuchimba.

"Kwani daktari kasemaje?"

"Kaniambia mimi peke yangu. Hafiki Jumapili." Akapangusa jasho, akamwonyesha mwisho wa shimo. "Uweke huku miguuni. Upande wa kulia."